Wangeci Alivyousoma Mkebe wa Sukari

Jumamosi, 8 Julai 1967, Ruring'u. Ukungu tangu asubuhi, manyunyu, baridi ya kuuma masikio.

Leo nimeaibika mbele ya mama mkwe, ambaye mtoto wetu humwita Cucu, yaani bibi. Afadhali ningeteleza kwenye matope kanisa lote likiona.

Alikuja kumchukua Wangeci, msichana wetu wa miaka sita, ampeleke Naro Moru akabebe mtoto wa mjomba wake. Kusema haki, huko wana shida ya kweli, mama ya mtoto ni mgonjwa. Lakini msichana akienda kulea, shule basi. Tumeona kwa jirani.

Nikajikaza. Nikasema Wangeci anajua kusoma tayari, Januari anaingia darasa la kwanza. Mama mkwe akauliza amefundishwa na nani. Nikasema ni mimi. (Niliachia darasa la nne. Hata mimi nilijishangaa.)

Njia yangu ni moja: kila kitu cha nyumba nakiandika jina kwa makaa. Mlango. Kiti. Ndoo. Mtoto akipita, anasoma.

Wangeci akasoma mlango, akasoma kiti. Mama mkwe akacheka kidogo.

"Baba Wangeci, hata mimi sijasoma na najua huu ni mlango."

Hapo alikuwa sawa kabisa. Akaangaza macho, akatoa mkebe wa sukari kwenye rafu. Akaona maandishi ni marefu, mistari mitatu.

"Nisomee hii."

Nikakumbuka nilichoandika. Jina tupu humchosha mtoto, kwa hivyo huwa naongeza mchezo kidogo acheke. Nikasema huo mkebe ni mchafu, ngoja niupanguse. Mama mkwe akausogeza mbali na mkono wangu.

Wangeci akaweka kidole, akasoma polepole, kwa sauti ya kanisani:

"Sukari. Cucu akija, ficha. Anaweka vijiko vitano."

Mke wangu akatoka nje kama mtu aliyeitwa. Mimi nikatazama viatu.

Mama mkwe akafungua mkebe, akachungulia, akaufunga.

"Hiyo hamkuipanga," akasema. "Hakuna mkwe angepanga hiyo. Mtoto abaki asome, nitatafuta mwingine wa kulea." Akaketi. "Na ni vijiko vinne."

(Kusema haki, ni vinne. Nilizidisha kimoja.)

Basi nimeshinda, ingawa sijui kwao nitaingia na uso gani.

Jioni tumekula irio ya minji, viazi vya kuponda na njegere. Mama mkwe sahani mbili. Hiyo naiandika hapa tu, na kitabu nakifungia.