Mtu wa Kitini

Jumatatu, 4 Machi

Chuo kimenisimamisha kwa sababu ya hotuba niliyoitoa nikiwa juu ya paa la maktaba. Masharti: vikao viwili na mshauri nasaha, kisha ripoti yake Ijumaa. Bila ripoti safi, hakuna mtihani wa mwisho. Udhalimu mtupu! Hata hivyo, mwanamapinduzi hugeuza adhabu kuwa karakana. Nimeanza mfululizo wa riwaya za uhalifu wa kisaikolojia, na shujaa wangu ni tabibu wa nafsi, mwanamke wa maneno machache. Na leo, kikao cha kwanza, mshauri ndiye huyu hapa, mzima mzima, bure! Nikisema ukweli, anatikisa kichwa tu. Basi nikambunia dalili: kila alasiri, mtu asiye na uso huketi kitini pangu. Kalamu yake ikaamka. Akauliza jambo moja: huelekea wapi? Nikajibu, ukutani. Kurasa nne za riwaya!

Jumanne, 5 Machi

Nimetoka dukani, nimekuta kiti kimeelekea ukutani. Dada yangu, mwenye nyumba hii na ulimi wake, akaapa hajakigusa. Akaniuliza iwapo nadhani hana kazi nyingine, mheshimiwa mkombozi wa viti. Nikakigeuza. Nikaenda kunawa uso. Niliporudi, nacho kilikuwa kimerudi.

Jumatano, 6 Machi

Kikao cha pili. Nilikiri yote: dalili ya kubuni, riwaya, shujaa. Mshauri akaandika kwa utulivu, kisha akasema kwa upole kwamba wote wanaomwona mtu huyo humkana kikao cha pili. Wote! Wangapi? Hakujibu. Nimeinakili tabia hiyo. Shujaa wangu naye hatajibu. Sura ya pili imekamilika. Mto wa kiti umebonyea, na mimi nimesimama tangu asubuhi.

Ijumaa, 8 Machi

Ripoti: mistari miwili. Nipumzike mwaka mzima. Mtihani ndiyo basi! Dada akasoma, akafuta machozi kwa kanga, akasema, mdogo wangu, si ungesema ukweli tangu siku ya kwanza? Ukweli! Ukweli ulinijazia lini kurasa nne?

Nimekata rufaa, nimepewa kikao kimoja zaidi Jumatatu. Nitamwambia sasa wako wawili. Tuone mwanamke yule atanyamaza vipi! Kwa ajili ya uhalisia, nimeazima kiti cha pili jikoni kwa dada, nikakiweka kando ya kile cha kwanza. Mawazo yanamiminika.

Haya nayaandika nikiwa sakafuni. Viti vyote viwili vimekaliwa.