Lucinda Ajifungue au Aondoke Redioni

Shamba la Haverkamp, Iowa
11 Februari 1936

Kwa Bwana Meneja wa Kituo cha Redio,

Pokea salamu zangu, wewe na mafundi wako. Mimi ni mkulima wa mahindi na sina ugomvi na redio. Bei za nguruwe nazisikiliza kwa adabu zote, kofia mkononi. Ugomvi wangu ni na Lucinda, yule mjamzito wa mchezo wenu wa saa sita mchana, ule unaoletwa kwetu na watu wa sabuni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mke wangu Hedwig hapakui chakula mpaka Lucinda amalize kulia. Jana niliomba viazi tu. Akanijibu, "We mzee, mwenzako katelekezwa na mume, nawe unawaza tumbo? Hebu nyamaza huko!"

2. Mlango ukigongwa humo redioni, mimi huinuka kwenda kufungua. Wiki iliyopita nilifungua mara nne. Siku hizi hata mbwa hahangaiki kunifuata.

3. Mimba ya Lucinda ina miezi kumi na minne. Bwana Meneja, nimezalisha ng'ombe kwa miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo.

4. Akina mama wa kanisa letu la Kilutheri walishona blanketi la viraka, wakalituma hapo kituoni kwa ajili ya mtoto wa Lucinda. Awali lilishonwa kwa ajili ya Elfrieda, mke wa mwanangu, ambaye mimba yake tunaiona kwa macho na atajifungua mwezi ujao. Hili limeniuma sana.

5. Betri ya gari letu imetolewa ili redio isizimike. Jumapili gari lilivutwa na farasi hadi kanisani, na mchungaji akaliombea.

Kwa hiyo nadai Lucinda ajifungue kabla ya Jumamosi, la sivyo afukuzwe, na blanketi lirudishwe kwa posta bila kuchelewa.

Nisalimie watangazaji, mpiga kinanda, na huyo bwana anayegonga mlango.

Wako mwenye kinyongo,
Gottlieb Haverkamp

N.B. Betri niliitoa mimi. Alhamisi naipeleka mjini kuchajiwa, kwa hiyo tafadhali Lucinda asijifungue siku hiyo. Ajikaze mpaka Ijumaa. Blanketi nalo msilirudishe. Elfrieda namshonea jingine ghalani, Hedwig hajui. Mtoto wa Lucinda hana baba, na baridi ya mwaka huu unaijua mwenyewe.