Morris ya Mjane wa Mbweni

Siku dalali Mudrik alipoiona gari ile, alikuwa amekwenda Mbweni kwa jambo jingine: kumwonyesha mteja kiwanja ambacho mmiliki wake hakujua kuwa kinauzwa. Jambo hilo liliharibika, kwa kuwa mteja alifuatana na shemeji yake mwanasheria. Mudrik alikuwa akiirudia Vespa yake kwa huzuni ya mtu aliyedhulumiwa, ndipo alipochungulia geti lililoachwa wazi, akasahau huzuni.

Chini ya paa la mabati ilikaa Morris Minor ya mwaka 1958, rangi ya maziwa. Haikuwa na kutu ya kujaza ukucha. Viti vyake vya ngozi nyekundu vilikuwa vizima kama vya juzi, na kwenye kioo cha mbele kulikuwa na kipande cha boksi: GARI INAUZWA. ULIZA NDANI.

"Subhanallah," alisema Mudrik, na safari hii alimaanisha.

Shangani palikuwa na hoteli ambayo meneja wake, Bwana Sabri, alikuwa akitafuta gari ya namna hii hasa, aiweke mlangoni wageni wapigie picha. Alikwisha kutaja milioni thelathini. Kilichobaki ni kumpata mwenye gari asiyeijua bei hiyo, na Mudrik aliamini kwamba Mungu huwaumba watu wa namna hiyo kwa ajili ya madalali.

Alipiga hodi. Nyuma ya pazia zito la mlango ikajibu sauti ya mwanamke.

"Simama hapo hapo, baba. Nnakaa eda."

Mwanamme yeyote aliyelelewa vizuri akisikia hivyo hurudi nyuma. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na mwanamme wa kando hana ruhusa ya kumtazama. Mudrik, ambaye malezi hayakumpita hata kama mengine yalimpita, alirudi hatua mbili akainamisha macho. Moyoni alishukuru. Mjane asiyetoka hana pa kwenda kuulizia bei.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mimi Bi Ummkulthum. Marehemu wangu ni Mzee Msabah, kama ulimjua."

"Nani asiyemjua! Mungu ampe kauli thabiti." Hakumjua. "Mkono wake mwepesi kwa maskini."

"Basi kweli ulimjua." Sauti ikakatika kidogo, Mudrik akadhani ni kilio. "Nisaidie, mwanangu. Gari hii niiuze vipi? Mimi mtu wa ndani. Kuna aliyeniambia niipeleke mnadani."

"Mnadani! Bi, kule watu huipiga gari teke kabla ya kuuliza bei. Na jina la marehemu litatajwa kwenye kipaza sauti, pamoja na mafriji mabovu."

"Astaghfirullah. Basi niiuze hoteli? Nasikia wanapenda vya zamani."

"Hoteli wana baa, Bi. Gari aliyoendea marehemu sala ya Ijumaa ndiyo ikae inatazama chupa?"

"Hilo sikulifikiri. Niikodishe kwa maharusi?"

"Watabandika maputo. Gundi itachuna rangi yote."

"Niiweke mtandaoni, mzungu aione?"

"Mzungu lazima aijaribu kwanza. Ataiendesha mpaka Jozani, akurudishie usukani na manyoya ya kima."

"Ewe Mola! Kumbe nimeachiwa mzigo."

Mudrik alinyamaza. Urefu wa kimya hicho alikuwa ameujifunza kwa miaka mingi. Kisha akasema, kama mtu anayetoa damu yake, "Ningeichukua mimi, kwa heshima ya marehemu tu. Milioni tatu ninazo."

"Tatu," ilisema sauti polepole. "Mzungu wa jana alitaja kumi na mbili. Lakini sasa, kwa hayo ya kima..."

"Nne."

"Atarudi leo jioni. Nimwambie nini?"

"Tano, Bi!"

"Sitaki kukutia dhiki, mwanangu. Wewe peke yako ndiye uliyenieleza kweli. Sema neno lako la mwisho, tusome Fatiha."

"Sita."

"Bismillahi," ilisema sauti, kwa haraka kidogo.

Milioni sita ilikuwa fedha ya harusi. Mudrik alikuwa amemposa Faiza, fundi cherehani wa Vikokotoni, na tarehe ilikwisha kusogezwa mara mbili. Baba yake Faiza alisema ya tatu ni mwezi wa mfungo tano, na ikipita hiyo binti yake ataposwa na mwingine.

"Umemwona huyo mwanamke?" aliuliza Faiza, sindano mdomoni.

"Faiza! Mtu anakaa eda, nimwoneje?"

"Umeona nini, basi?"

"Nimeiona kadi ya gari. Jina la Msabah, namba sawasawa. Kaitoa chini ya pazia, mkono una glavu nyeusi mpaka kiwiko. Mwanamke mchamungu kama huyo sijapata kumsikia."

"Na warithi wengine?"

Hilo Mudrik hakuliuliza, kwa sababu warithi wakizidi bei hupanda.

"Baba hataki tarehe nyingine, Mudrik."

"Utaolewa mfungo tano, na chumba kitakuwa na kiyoyozi."

Usiku alisali rakaa mbili, akaomba biashara yake ibarikiwe. Tusimcheke sana. Wapo wengi wanaomwomba Mungu awashikie ngazi wakati wao wanaruka ukuta.

Siku ya pili alipeleka fedha. Glavu ilipokea, glavu ikatoa kadi.

"Gari ifuate Jumamosi," ilisema sauti. "Ijumaa ni khitma ya arobaini. Ikitoka kabla, watu watasema mume hajakauka kaburini, mke keshauza."

Mudrik aliona ni maneno ya mtu mwenye haya. Alikwenda dukani akaleta sukari kilo mbili za khitma, kisha akasimama mbele ya pazia, akamsomea marehemu Yasini nzima, macho kayafumba. Kila alipofika kwenye dua, sauti iliitikia amina kwa unyenyekevu mkubwa.

Jumamosi asubuhi alifika na dumu la petroli. Gari ilikuwa imetolewa juani, boneti wazi, na mzee mmoja wa fulana na kikoi alikuwa akiifuta kwa kitambaa. Mudrik alimdhania ndugu wa marehemu.

"Shikamoo, mzee. Poleni na msiba. Khitma ilikwenda vizuri?"

"Marahaba. Khitma ya nani?"

"Ya Mzee Msabah."

Mzee akaacha kufuta. "Mzee Msabah ni mimi."

Mudrik akatabasamu, kama mtu atabasamuvyo mbele ya mfiwa aliyechanganyikiwa. "Nakusudia mwenye nyumba. Mwenye Morris hii."

"Naam, mimi. Nilikuwa Maskati kwa mwanangu, wiki sita. Nimerudi jana. Wewe nani?"

"Mimi nimeinunua gari."

"Kwa nani?"

"Kwa mkeo."

"Mke wangu kafariki, huu mwaka wa kumi. Huyo uliyemwona sura yake ikoje?"

"Sikumwona. Alikuwa anakaa eda."

"Eda ya nani?"

Mudrik alilitazama dumu lake. "Yako, mzee."

Mzee Msabah alikaa kwenye bampa. "Tabia," alisema. "Msichana niliyemweka anitunzie nyumba. Jana nimekuta ufunguo dirishani na sukari kilo mbili, nikasema, mtoto huyu ana adabu. Umempa ngapi?"

"Milioni sita."

"Sita!" Mzee akainuka. "Gari hii, sita? Mjane wangu, hana mtu, hatoki nje, na wewe ukampa sita? Huna hofu ya Mungu?"

"Mzee, mjane mwenyewe hakuwapo."

"Wewe ulijua kama hakuwapo?"

Mzee alinyoosha mkono, akapokea kadi yake, akafunga boneti.

"Ingia. Polisi watataka kukusikia."

Morris iliwaka kwa mara moja. Viti vilikuwa laini kuliko vilivyoonekana, na njia nzima watalii walinyanyua simu zao wakawapiga picha. Karibu na Kiembesamaki simu ya Mudrik ililia. Ilikuwa Faiza.

"Umeipata gari?"

"Nimo ndani yake."

"Alhamdulillahi! Mbona sauti yako hivyo? Anaendesha nani?"

Mudrik alimtazama jirani yake, ambaye alikuwa akibadilisha gia bila ya haraka.

"Marehemu," alisema.