Jokofu la Mtaa wa Folsom

Jumatatu, 12 Machi 2007
Barua pepe inaua kazi. Nimelisema hilo San Francisco nzima, mpaka marafiki hawapokei simu zangu. Ndiyo maana nikaanzisha Ploova: kurasa za mtandaoni ambazo ofisi nzima inaziandika pamoja. Anachojua mmoja, wote wanakijua. Leo amepiga simu Bi Lindqvist, wa kampuni ya wasanifu majengo ya Oakland. Atakuja Alhamisi. Hataki hotuba, anataka kuona sisi wenyewe tunavyoitumia Ploova. Akitukataa, tunafunga mwisho wa mwezi. Hatatukataa!

Jumanne, 13 Machi
Nimechungulia kurasa zetu. Ya mwisho ni ya Januari: hoja zangu kumi na moja dhidi ya barua pepe. Msomaji mmoja. Mimi.
Nikauliza kwa nini. Anjali, mhandisi aliyeijenga Ploova, alisema hana muda. Thuy, mchoraji wetu, amesahau neno la siri. Sasa wanajuaje nani anafanya nini? Wakatazamana, kisha wakatazama jokofu.
Mlango mzima umejaa vikaratasi: kazi ya nani, hitilafu ipi imetengenezwa, nani kala mtindi wa Thuy. Nimesimama pale nusu saa. Inavutia, nakiri. Mbona sikuwahi kuona?
"Wewe bosi unakunywa kahawa nyeusi," alisema Anjali. "Huji kuchukua maziwa."

Jumatano, 14 Machi
Mpango! Nimeandika kurasa mpya kwa majina yao. Thuy sasa anaichukia barua pepe kwa aya sita. Anjali anamwita Thuy mvivu wa fikra. Mjadala mzuri sana. Jokofu nimelifunika kwa bango la kampuni.

Alhamisi, 15 Machi
Bi Lindqvist alisoma kwa makini. Alicheka mahali pasipochekesha. Akauliza taratibu, "Hawa wenzako wote wana hasira kama wewe?"
Kisha akaomba maziwa ya kahawa. Nikasema yamekwisha. Anjali, msaliti, akafunua bango.
Bi Lindqvist alisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama mimi. Aliuliza nani anavipanga vikaratasi. Hakuna, alijibiwa: anayefuata chakula anasoma, anayejua jambo anabandika.
"Nijengeeni hiki," akaniambia. "Hiki watu wangu watakitumia. Nitarudi baada ya wiki mbili."

Ijumaa, 16 Machi
Anjali na Thuy wanaomba kuijenga Ploova upya: ukurasa mmoja, vikaratasi, hoja zangu nje. Nimewasikiliza. Lakini mimi nataka kiini cha jambo. Kwa nini watu wanalipenda jokofu kuliko Ploova? Nimewaza kutwa nzima. Kwa sababu lipo!
Jokofu nimewapa bure washindani wetu wa ghorofa ya chini, wanaotengeneza programu kama yetu. Wamelibeba na vikaratasi vyake, wakinishukuru mno. Wajinga.

Jumatatu, 19 Machi
Ofisi safi. Anjali na Thuy wanakula chini siku hizi. Chakula chao kiko huko. Vikaratasi vipya vimeota kwenye mlango wa choo.

Alhamisi, 29 Machi
Bi Lindqvist amekuja kama alivyoahidi. Ameishia ghorofa ya chini. Wale wamejenga ukurasa mmoja wenye vikaratasi, na amesaini kabla kahawa haijapoa. Anjali ameshuka kumsalimu. Amechukua koti lake, na Thuy.
Nimekaa peke yangu nikichunguza kosa liko wapi. Sikuhitaji muda mrefu. Nimeandika hoja ya kumi na mbili dhidi ya barua pepe, na kesho fundi anakuja kung'oa mlango wa choo.