Bakuli la Bi Mwanahija na Mlango wa Sukari

Jumatatu, 9 Novemba 1998

Balaa! Ijumaa nina mtihani wa mdomo: jinsi protini za utando wa seli zinavyosafirisha sukari zenye fosfeti. Nikianguka, narudia mwaka mzima hapa Guangzhou. Kitabu sijakifungua. Mpango ninao, lakini. Eliakimu, tunayelala naye chumba kimoja, asome kwa sauti, mimi nisikilize nimejinyoosha. Anasoma kimoyomoyo. Mchoyo!

Jumanne, 10 Novemba

Akili haichemki bila pilau. Nikaenda mtaa wa Dengfeng, dukani kwa Bi Mwanahija wa Unguja, anayetulisha wanafunzi tangu tufike. Nikamkabidhi bakuli lake, nimelisugua likang'aa. Akachungulia ndani. Akanirudishia, akasema pilau meiyou, hakuna. Na harufu ya bizari naisikia tangu ngazini! Wiki ya tatu hii. Bila shaka Eliakimu kanisengenya.

Alhamisi, 12 Novemba

Nimemshtaki Eliakimu kwamba kaninyima pilau kwa umbea wake; kacheka hadi kakaa sakafuni. Kaniuliza bakuli nililirudisha na nini ndani. Na hewa, nikamjibu. Yeye, mtu wa bara, ndiye akanikumbusha mila za kwetu pwani: chombo kilicholeta chakula hurudishwa na kitu, hata ndimu mbili. Kisha akasema protini yangu ni Bi Mwanahija kabisa. Bakteria akitaka sukari yenye fosfeti, hutoa fosfeti yake: moja itoke, moja iingie. Mlango hufunguka upande mmoja, hugeuka, hufunguka wa pili, kamwe si pande zote kwa pamoja. Bila kitu cha kubadilishana, haugeuki. Nimeelewa! Nampenda sana huyu mchoyo.

Ijumaa, 13 Novemba

Nimefaulu! Niliingia na bakuli lenyewe, ndani machungwa mawili ya Eliakimu (hajui). Nikaeleza mlango, nikaeleza mabadilishano. Mwalimu akacheka, akanipa alama nzuri, akala chungwa moja. La pili nimelila njiani kwa furaha.

Jumamosi, 14 Novemba

Mbio hadi Dengfeng kumpa Bi Mwanahija habari. Nimemweleza yote: protini, fosfeti, chombo kisichorudi kitupu. Amecheka hadi machozi, akaniita mwanangu, akaniombea dua. Wallahi, hapa ugenini sina mama mwingine. Nikamkabidhi bakuli lake kwa mikono miwili. Akachungulia ndani. Akacheka upya, akaenda nalo jikoni.

Nimengoja saa nzima. Meiyou! Sielewi kabisa. Labda mchele umemwishia.