Tenga, Kuku na Presha ya Bibi

Jumatatu, 3 Juni

Leo ndiyo leo! Watembeaji wangu wanane wa mtaa huu wamemaliza mwezi wa kutembea kila asubuhi, na wamepimwa presha tena. Shangazi, muuguzi ambaye pia hufanya utafiti zahanatini, amenisimamia kwa mashine yake.

Yote haya ni kwa ajili ya Bibi. Presha yake iko juu. Dawa anameza, lakini kutembea kama daktari alivyomwagiza hataki. Anasema miguu yake ilitembea vya kutosha kabla sijazaliwa, na atainuka siku nitakayomletea ushahidi. Ushahidi unakuja, mke mwenzangu! (Ndivyo tunavyoitana.)

Wastani: presha imeshuka kwa nne. Nimerukaruka. Binamu yangu, tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani na maringo, amesema nne ni kikohozi cha mashine. Wivu tu.

Jumanne, 4 Juni

Balaa! Shangazi amepiga hesabu. Amesema wastani peke yake ni nusu ya habari. Lazima uje na masafa ya uhakika, yaani mipaka miwili inayoonyesha kadirio letu linaweza kuyumba kiasi gani. Mipaka yangu: kuanzia kushuka kwa kumi na moja hadi kupanda kwa tatu. Kupanda! Na sifuri imekaa humo katikati kama mgeni asiyealikwa.

Profesa akashangilia: sifuri imo, basi kutembea hakusaidii, kwisha habari. Shangazi akamkata kauli. Yeye hakusema kutembea hakusaidii, alisema bado hatujui. Akamuuliza, usipomwona mbuzi gizani, ndiyo kusema zizi ni tupu? Profesa akafuta miwani. Raha!

Jumatano, 5 Juni

Shangazi anasema watu wengi zaidi wangeisogeza mipaka ikaribiane. Nimeelewa mara moja: vipimo vingi! Nikawazungukia wale wale wanane, kila mmoja nikampima mara tano. Mwalimu mstaafu aliniuliza kwa upole kama kuna kitu nilikiangusha ndani ya mkono wake.

Nikamwambia Shangazi, haba na haba hujaza kibaba. Akajibu kwamba punje ileile ukiihesabu mara tano, kibaba hakijai. Wanane ni wanane. Nimelala kitandani na viatu.

Alhamisi, 6 Juni

Mhalifu nimempata. Ni fundi cherehani. Wenzake wengi wameshuka, yeye kapanda kwa tisa! Nilimkuta amezama kwenye rundo la sare za shule, wateja wakimgombeza mlangoni. Nikamshauri kwa heshima ajiuzulu utafiti. Akakataa katakata. Amekwisha kuwatangazia wateja kwamba yeye sasa ni mtu wa sayansi.

Nikamwondoa kimyakimya. Mipaka ikapendeza! Shangazi akauliza fundi yuko wapi. Nikasema amesafiri. Papo hapo fundi akapita dirishani, akatusalimu wote, akaulizia na hali ya Bibi.

Shangazi alisema ukichagua majibu, huo si utafiti tena, ni upishi. Fundi amerudishwa, pamoja na tisa yake.

Ijumaa, 7 Juni

Ugunduzi! Shangazi hutumia uhakika wa asilimia tisini na tano. Kumbe hiyo ni desturi tu ya watafiti! Nikaiomba hesabu asilimia hamsini. Mipaka ikawa kushuka kwa sita hadi kushuka kwa mbili. Sifuri nje! Nikaandika bango.

Shangazi akaliona. Akanipeleka uani, kwenye kuku anayeatamia, na matenga mawili. Kuku ndiye ukweli, akasema, yeye hahami. Kinachobadilika ni tenga, na kila utafiti ni mrusho mmoja ukiwa umefumba macho. Tenga kubwa, katika mirusho mia, litamfunika kama mara tisini na tano. Dogo litamkosa nusu ya mirusho. Na mrusho huu wa leo? Umempata au umemkosa, wala macho huwezi kufumbua.

Nikafumba, nikarusha tenga dogo. Nikafunika ndoo. Kuku akanitazama kwa huruma. Bibi, aliyekuwa mlangoni, alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemweleza Bibi ukweli. Huenda kutembea kunashusha sana, huenda hakushushi kitu. Watu wanane hawatoshi kutuambia. Nilingoja anicheke, kisha ajinyooshe kwenye kiti chake.

Akauliza kama mtu mmoja zaidi angesaidia. Nikasema kidogo, ila wanahitajika wengi. Akasema, kumbe mnatafuta watu! Mwezi mzima namletea habari za ushahidi, hata siku moja sikumwalika! Akaagiza raba zake zitolewe chini ya kitanda. Ataleta na majirani, wapende wasipende.

Shangazi amewapima wote kabla hawajaanza. Bibi ametoa sharti moja: hatatembea nyuma ya Profesa.

Jumamosi, 22 Juni

Bibi ameshuka kwa kumi na mbili! Anatembea mbele ya kundi zima, anawahimiza kama askari. Shangazi amempongeza, machozi yakimlengalenga. Kisha akaniambia nitulie: majirani bado hawajapimwa tena, na presha ya mtu mmoja hupanda na kushuka kwa sababu nyingi.

Nimetulia. Nimefikiri. Mipaka hutanuka kwa nini? Kwa sababu watu hutofautiana. Sasa, mtu mmoja atatofautiana na nani? Bibi peke yake: upana hakuna! Tenga linalomtosha kuku barabara, hata unyoya hautoki nje! Inakuwaje watafiti wote hawajaliona hili?

Bango liko mlangoni tayari: KUTEMBEA HUSHUSHA PRESHA KWA KUMI NA MBILI KAMILI. Shangazi atarudi jioni. Nina uhakika atafurahi. Asilimia tisini na tano.

Basi, hamsini. Nayo si haba.