Maziko ya Nyundo ya Shimo la Saba

Jumatatu, 8 Juni
Barua pepe! Bibi Imke Terhorst, mwenye kampuni ya santuri kule Dortmund, anafikiria kuitoa upya albamu ya bendi yetu ya zamani, Nyundo ya Shimo la Saba! Tangu 1987 hakuna aliyeitaka, hata mama yangu. Yafaa nieleze: ni muziki wa metali, gitaa zinakimbia kana kwamba zinafukuzwa na polisi. Mimi nilipiga gitaa la besi, kabla sijawa mwalimu. Atakuja Jumamosi bustanini kwangu kuamua. Nimemwandikia kwamba duniani zimebaki nakala mbili tu. Watu wa santuri hupenda kilicho adimu. (Kibandani zimejaa hadi darini.)

Jumanne, 9 Juni
Nimemweleza Detlef, mpiga ngoma wetu na jirani yangu bustanini, kanuni ya uhaba. Nilieleza polepole, kwa mifano. Akasema, mzee wangu, albamu ile ina uhaba wa wasikilizaji, si wa nakala. Wivu!

Jumatano, 10 Juni
Nimezika maboksi yote ya santuri! Udongo laini ulikuwa kwenye tuta la mboga tu, kwa hiyo maharage na viazi vimeng'oka. Nikasawazisha kwa reki. Kazi safi kabisa!

Ijumaa, 12 Juni
Balaa. Tangazo langoni: kesho Bibi Roswitha Pietrek, mwenyekiti wa chama kinachotukodisha bustani hizi, anakagua. Theluthi ya kila kiwanja lazima iwe mboga au matunda, asiyelima hunyang'anywa. Theluthi yangu ni udongo mtupu! Nimenunua letusi dukani, nikazichomeka kwa mstari. Ukisimama mbali, zinapendeza.

Jumamosi, 13 Juni
Imke alifika, fulana nyeusi, mcheshi. Nikamkatia keki ya plamu. Nilikuwa katikati ya kueleza uhaba Roswitha alipoingia na kuvuta letusi moja. Haina mzizi! Akauliza tangu lini letusi huota na kibandiko cha bei. Akachukua koleo, akalichimba tuta. Ko! Boksi. Ko! Jingine. Detlef alicheka hadi akaushikilia ua.

Imke akauliza kama zile nakala mbili zimezaana. Nikajibu kwamba udongo wa hapa Gelsenkirchen una rutuba. Hakucheka. Akasema, Mwalimu, mimi sikufuata uhaba. Nimefuata besi ya wimbo wa tatu, naipenda tangu nikiwa shule.

Besi yangu!

Ataitoa! Lakini maelezo ya jaladani ataandika Detlef, kwa kuwa angalau huyo hadanganyi. Roswitha amenipa wiki mbili nipande mboga zenye mizizi.

Jumapili, 14 Juni
Nimetafakari kwa kina. Kosa nimeliona: shimo lilikuwa fupi. Tena kuna kilicho adimu kuliko nakala yoyote, nacho ni mpiga besi marehemu! Nimeandika tangazo la kifo changu, limenitoa machozi. Nimemwomba Detlef alie mbele ya waandishi. Akasema atajitahidi asipige makofi.

Maziko ni Alhamisi. Hotuba nitaitoa mwenyewe. Nani mwingine angeieleza vizuri?